Muuguzi Anaposhuku Mgonjwa Ametendewa Ukatili: Lini Ni Lazima Atoe Taarifa

Kinachowakwamisha wauguzi wengi ni kusubiri uhakika. Muuguzi wa zamu ya usiku huona michubuko asiyoielewa, akajiambia kwamba hana ushahidi, akamkabidhi mgonjwa kwa zamu ya asubuhi bila kusema neno, na saa nne mgonjwa akaruhusiwa kurudi kwa yule yule aliyemuumiza. Kuthibitisha kosa ni kazi ya polisi na mahakama. Muuguzi anahitaji tu shaka yenye msingi, yaani jambo aliloliona au kulisikia ambalo muuguzi mwingine mwenye mafunzo kama yake, akionyeshwa, naye angelitilia shaka.

Cha kwanza kuangaliwa ni umri. Ikiwa mgonjwa hajatimiza miaka 18, hakuna la kujadili. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kama ilivyotungwa, katika kifungu cha 95 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi au mlezi mwenye uwezo anakataa kumpa mtoto chakula, mavazi, matibabu au elimu, wajibu wa kuifikisha taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Zanzibar ina Sheria yake ya mwaka 2011, na muuguzi wa Unguja au Pemba aisome hiyo. Hospitalini njia ya karibu ni afisa ustawi wa jamii. Asipopatikana, lipo Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na ipo simu ya huduma kwa mtoto, namba 116.

Msingi wa shaka hutafutwa katika mwili na katika maelezo kwa pamoja. Mtoto anayetembea huchubuka magoti na miundi, na hilo ni la kawaida. Mtoto mchanga ambaye hata kutambaa hajaanza hana sababu ya kuwa na michubuko, na michubuko ya masikioni, shingoni au tumboni inatia shaka katika umri wowote. Aliyeungua kwa maji ya moto miguu yote miwili hadi kimo kimoja, mpaka wa jeraha ukiwa umenyooka kama wa soksi, huenda alitumbukizwa. Maelezo yanayobadilika kila anapoulizwa mtu mwingine, na jeraha kubwa lililokaa nyumbani siku kadhaa, ni dalili nzito kuliko wengi wanavyodhani. Hata hivyo, watoto wetu wengi huzaliwa na mabaka ya rangi ya buluu mgongoni na matakoni, ambayo mgeni wa kazi huyadhania michubuko. Chale na alama za chuku nazo, peke yake, si ushahidi wa ukatili.

Kwa mtu mzima mwenye akili timamu, hukumu ni ngumu zaidi, kwa kuwa siri ni yake. Aulizwe akiwa peke yake, mume au wifi akiwa ameombwa kutoka nje, aelezwe msaada uliopo, na akikataa, swali lirudiwe siku nyingine. Kwa maoni yangu, ukimya wake unaheshimiwa hadi pale maisha yake au ya mtoto aliye nyumbani yanapokuwa hatarini, au pale asipoweza kujisemea, kama mzee aliyepoteza kumbukumbu ambaye vidonda vya kulalia vimemfikia mfupa. Aliyebakwa asicheleweshwe kwa kutafutiwa PF3, fomu ya polisi ya matibabu: dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na fomu inaweza kufuata.

Katika faili yaandikwe yaliyoonekana: michubuko mingapi, upande gani, sentimita ngapi, rangi gani, na maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema. Neno «amepigwa» liandikwe tu ikiwa ndilo lililotoka kinywani mwake. Saa na sahihi visisahaulike.

Mtuhumiwa akiwa mfanyakazi mwenzetu, kwa mfano mkunga anayempiga mama kofi akiwa katika uchungu, taarifa hupelekwa kwa muuguzi mfawidhi, kisha kwa mganga mfawidhi, na ikibidi kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalosimamia taaluma kwa Sheria ya mwaka 2010. Wanaofichua uhalifu kwa nia njema wanayo pia Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Kumnong'oneza mfawidhi koridoni hakutoshi. Taarifa iandikwe, nakala ibaki kwa mtoaji, na siku mbili zikipita bila jibu, apande ngazi inayofuata akiwa na nakala hiyo mkononi.