Kabla ya kwenda Pashupatinath: hekalu lenye msiba kila siku

Ukisimama kwenye ngazi za ukingo wa mashariki wa mto Bagmati, jijini Kathmandu, Nepal, unaona mambo mawili kwa mpigo. Ng'ambo kuna hekalu la Pashupatinath, la Shiva, mungu wa Wahindu, lenye mapaa mawili yanayong'aa dhahabu, lililojengwa upya mwaka 1692 baada ya lile la awali kuliwa na mchwa. Chini yake, ukingoni mwa maji, kuna kuni zinazowaka na maiti juu yake. Mgeni anayekwenda Pashupatinath akiwa amejiandaa kuona hekalu tu hushtuka, na mtu aliyeshtuka hukosa adabu bila kukusudia. Ndiyo maana naanza na moyo kabla ya begi.

Pale unaingia msibani mwa watu. Maiti huletwa ikiwa imefungwa sanda ya njano, miguu yake huoshwa kwa maji ya Bagmati, kisha mtoto wa kiume, kwa desturi yule mkubwa, ndiye anayewasha moto kuanzia mdomoni. Hunyoa nywele na kuvaa nguo nyeupe. Mwisho majivu husukumwa mtoni, kwa kuwa maji ya Bagmati hatimaye huungana na Ganga, mto mtakatifu wa Wahindu. Sisi tunajua msibani watu hukaaje: sauti ya chini, nguo ya heshima, simu mfukoni. Fanya hivyohivyo. Utawaona wageni wengine wakivuta picha za wafiwa kutoka ng'ambo, na kuna waongoza wageni watakaokuita usogee upate picha nzuri. Usisogee. Kama huna uhakika utaweza kuvumilia kuona mwili ukiungua, au unasafiri na watoto, au wewe mwenyewe umefiwa karibuni, amua mapema utakaa upande gani; ngazi za juu zaidi ziko mbali kidogo na moto.

Jua pia mlango unaokuhusu. Ndani ya hekalu kuu huingia Wahindu tu. Msomaji Mhindu wa Mombasa au Dar es Salaam anayekwenda kuhiji ataingia, ila aache viatu nje na asibebe kitu cha ngozi, iwe mkanda au pochi. Usiku huohuo wa kufunga begi, badilisha mkanda. Asiye Mhindu hubaki nje, na wala hapotezi safari, kwani eneo la nje ni kubwa, lina vihekalu vingi vya mawe na wacha Mungu waliojipaka majivu. Hao ukitaka kuwapiga picha, omba kwanza, na ujue watatarajia sadaka. Wageni wengi wa kutoka nje ya India na nchi jirani hulipa kiingilio cha rupia 1,000, basi uwe na fedha taslimu za Nepal.

Siku nayo ina uzito. Jumatatu ni siku ya Shiva, watu hujaa. Usiku wa Maha Shivaratri, sikukuu kubwa ya Shiva, Februari au Machi, mahujaji hufika kwa malaki na foleni huchukua saa nyingi. Mzee asiyeweza kusimama muda mrefu apange siku nyingine. Sikukuu ya Teej, Agosti au Septemba, ni ya wanawake waliovaa nyekundu, wanaofunga na kucheza ngoma. Juni hadi Septemba ni mvua, na ngazi za mawe huteleza.

Kathmandu iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kama Arusha, lakini Januari usiku baridi yake inauma zaidi. Beba sweta, na kanga moja ya kujitanda. Mwenye pumu asiache dawa yake hotelini, maana moshi hauchagui upande. Chakula kifiche ndani ya begi lililofungwa. Nyani wa pale hupora.

Jioni, kiasi cha saa kumi na mbili, huanza ibada ya arati: taa za moto, kengele na nyimbo ukingoni mwa mto, huku ng'ambo moto wa maiti ukiendelea. Fika mapema upate pa kukaa kwenye ngazi. Ikiisha giza limeshaingia, kwa hiyo elewana na dereva wa teksi juu ya nauli ya kurudi kabla hujashuka garini.