Bajeti ya jimbo ikikwama: mwongozo kwa tunaoishi Marekani

Tarehe 12 Novemba 2025 mikwamo miwili ilimalizika kwa siku moja. Washington, Rais Trump alitia saini sheria iliyohitimisha siku 43 za kufungwa kwa serikali kuu. Harrisburg, makao makuu ya Pennsylvania, Gavana Josh Shapiro alitia saini bajeti ya jimbo ya dola bilioni 50.1, iliyotakiwa kuwa tayari kabla ya tarehe 1 Julai. Kwa mtu anayeishi Philadelphia au Pittsburgh ilikuwa rahisi kudhani ni jambo moja. Yalikuwa mawili, na kwa wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki, hilo la pili ndilo linaloingia mfukoni haraka zaidi, ingawa simu zetu hujaa habari za lile la kwanza.

Angalia kazi tunazofanya huku. Wengi tunahudumia wazee na watu wenye ulemavu, na wapo ndugu zetu waliofungua makazi ya kuwahudumia wenyewe. Wapo walezi wa watoto wanaolipwa kwa ruzuku, wakalimani wa hospitali na mahakama, walimu wasaidizi, na vijana wanaosoma vyuo vya umma. Fedha za shughuli hizo, hata zile zinazoanzia Washington, mara nyingi hupitia hazina ya jimbo. Medicaid, bima ya afya ya umma kwa wenye kipato kidogo, ndiyo mfano mkubwa: serikali kuu na jimbo huchangia gharama, lakini jimbo ndilo linaloendesha mpango na kuwalipa watoa huduma. Kwa hiyo unaweza kufuatilia kila neno la Rais na bado usijue kwa nini mwajiri wako amepunguza saa zako za kazi.

Anayetoka Dodoma hujiuliza inakuwaje serikali ikae miezi bila bajeti. Tanzania, Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, na hakuna mbunge anayesahau hilo. Gavana wa Marekani hawezi kulivunja bunge la jimbo. Wabunge nao hawawezi kumwangusha kwa kura ya kutokuwa na imani. Kila upande umechaguliwa na wananchi kwa muda wake, na kila upande unaweza kusubiri mwenzake achoke. Ongeza kwamba majimbo yote isipokuwa Nebraska yana vyumba viwili vya bunge, vinavyoweza kuwa mikononi mwa vyama tofauti. Ongeza tena kwamba karibu majimbo yote yanalazimika kisheria kuwa na bajeti isiyozidi mapato, kwa hiyo hayawezi kufunika tofauti zao kwa mkopo kama Washington. Lazima mtu apandishe kodi au akate huduma, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Kalenda ni rahisi kuishika. Majimbo 46 huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai. New York huanza 1 Aprili, Texas 1 Septemba, Alabama na Michigan 1 Oktoba. Mengine hupitisha bajeti ya mwaka mmoja, mengine ya miaka miwili.

Siku ya kwanza bila bajeti

Hili ndilo swali la kuuliza kuhusu jimbo lako, na jibu lake halifanani popote.

Wisconsin, bajeti mpya isipopita, ile ya zamani inaendelea kwa viwango vilevile. North Carolina nayo ina sheria ya namna hiyo tangu 2016. Milango haifungwi, mishahara inatoka. Ila usidanganyike kwamba hakuna anayeumia. Mwezi Machi 2023 North Carolina ilipitisha sheria ya kupanua Medicaid, ikawekwa sharti kwamba haitaanza mpaka bajeti ipite. Bajeti ikachelewa hadi Oktoba, gavana wa wakati huo, Roy Cooper, akaiacha iwe sheria bila saini yake, na bima ikaanza tarehe 1 Desemba. Watu waliokadiriwa kufika laki sita walikaa nje ya mlango miezi hiyo yote, ilhali sheria yao ilikuwa imeshatiwa saini.

New York na Massachusetts hupitisha bajeti ndogo za muda wakati mazungumzo yakiendelea. Mwaka 2025 New York ilichelewa zaidi ya mwezi mmoja kwa njia hiyo, na kwa sheria ya huko wabunge wenyewe hawapati mishahara yao mpaka bajeti ipite. California ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2009 hazina yake iliishiwa hadi ikawapa watu hati za ahadi badala ya hundi. Mwaka 2010 wapiga kura wakaamua kwamba bajeti ipite kwa wingi wa kawaida wa kura badala ya theluthi mbili, na wabunge wakivuka tarehe 15 Juni bila kuipitisha, mishahara ya siku hizo waipoteze moja kwa moja. Naona huo ni utaratibu wa haki kuliko yote niliyotaja.

Minnesota, walikojaa ndugu zetu wa Kenya na Somalia, mambo hufungwa kweli. Julai 2011, Gavana Mark Dayton na bunge lililokuwa mikononi mwa chama cha Republican walishindwa kuelewana, serikali ya jimbo ikafungwa kwa siku 20. Wafanyakazi karibu 20,000 wakarudishwa nyumbani, hifadhi zikafungwa, hata bahati nasibu ikasimama. Mahakama iliamuru huduma za lazima ziendelee, lakini orodha ya kipi ni cha lazima ilikuwa ya kugombaniwa kesi kwa kesi, na mashirika madogo hayana wakili wa kuwasimamia huko.

Sasa Illinois, ambayo kila anayefanya kazi za huduma za jamii anapaswa kuijua. Kuanzia 1 Julai 2015 hadi 6 Julai 2017 jimbo hilo halikuwa na bajeti kamili. Gavana Bruce Rauner alitaka kwanza mabadiliko ya sheria za biashara na vyama vya wafanyakazi. Michael Madigan, Spika wa Baraza la Wawakilishi, alikataa. Amri za mahakama na sheria za kudumu ziliendeleza mishahara ya watumishi wa jimbo na sehemu kubwa ya Medicaid. Waliobaki jangwani ni wale wasio na amri wala sheria ya kuwalinda: mashirika yenye mikataba ya huduma, na wanafunzi. Lutheran Social Services of Illinois, shirika kubwa la huduma, lilifuta nafasi zaidi ya 750 Januari 2016 likidai jimbo mamilioni ya dola. Chuo Kikuu cha Chicago State, chenye wanafunzi wengi weusi, kiliwapelekea wafanyakazi wake wote notisi za kuachishwa kazi. Ruzuku ya MAP ya wanafunzi wenye kipato kidogo ilichelewa. Bili zisizolipwa zilifika karibu dola bilioni 15.

Pennsylvania 2025 ilifuata njia hiyohiyo kwa muda mfupi zaidi. Watumishi wa jimbo waliendelea kulipwa, lakini kaunti, shule na mashirika ya huduma yalikopa au kupunguza watu. Shika hilo: anayefanya kazi ya jimbo kwa mkataba, kupitia shirika au kampuni, ndiye anayepigwa kwanza. Na sisi wengi ndipo tulipo.

Kalamu ya gavana

Bunge likishapitisha, wengi huhema. Bado. Tukiwa nyumbani tumezoea rais kuurudisha muswada mzima, kama Rais Ruto alivyoukataa Muswada wa Fedha wa Kenya mwezi Juni 2024. Magavana wa majimbo 44 wanaweza kufanya zaidi ya hapo: kutia saini bajeti na wakati huohuo kufuta kifungu kimoja kimoja ndani yake. Wasio na uwezo huo ni wa Indiana, Nevada, New Hampshire, North Carolina, Rhode Island na Vermont. Kwa hiyo habari ya "gavana ametia saini bajeti" haikwambii kama programu ya lugha ya shule ya mwanao imebaki. Tafuta barua ya gavana inayoorodhesha vifungu alivyovifuta. Kwa kawaida hutolewa kwa umma. Ohio mwaka 2025 Gavana Mike DeWine alifuta vifungu 67.

Wisconsin uwezo huo umevuka mipaka. Mwaka 2023 bunge lilipitisha nyongeza ya dola 325 kwa kila mwanafunzi kwa miaka miwili ya masomo, 2023-24 na 2024-25. Gavana Tony Evers akafuta maneno, tarakimu na kistari, ikabaki "2023-2425". Wilaya za shule zikapata ruhusa ya kuongeza kiwango hicho kila mwaka kwa miaka 400, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikaikubali mwaka 2025 kwa kura nne kwa tatu. Kama una nyumba Milwaukee au Madison, hapo kuna sehemu ya maelezo ya kodi yako ya mali.

Bunge linaweza kutengua kura ya turufu, yaani kubatilisha ufutaji huo wa gavana, ila kiasi cha kura kinachotakiwa ndicho huamua nani ana nguvu. Majimbo mengi yanataka theluthi mbili. Illinois inataka tatu ya tano: wawakilishi 71 kati ya 118, na 6 Julai 2017 ndizo hasa kura zilizopatikana kwa muswada wa kupandisha kodi, 71, bajeti ikapita na mkwamo wa miaka miwili ukaisha. Ingepungua moja tu, ungeendelea. Kentucky, walipo Wakongo wengi wa Louisville na Lexington, inatosha wingi wa kawaida wa wabunge wote: 51 kati ya 100 na maseneta 20 kati ya 38. Ndiyo maana huko kura ya turufu ya gavana hutenguliwa mara kwa mara, na ukitaka kuzuia au kuokoa jambo, mpigie mbunge wako. Texas ni kinyume: bunge hukaa siku 140 tu kila miaka miwili, gavana ana siku 20 baada ya wabunge kutawanyika, na akifuta kitu wakati huo hakuna wa kukirudisha. Mara ya mwisho bunge la Texas kutengua kura ya turufu ilikuwa 1979. Huko gavana ndiye wa kuandikiwa mwezi Juni.

Ya kufanya mwezi Mei, kabla joto halijapanda

Muulize msimamizi wako swali moja kwa upole: fedha za mpango wetu zinatoka wapi, na tuna akiba ya kulipa mishahara ya wiki ngapi jimbo likichelewa? Shirika makini lina jibu. Kama wewe ndiye mwenye makazi ya wazee au kituo cha watoto, nenda benki kuomba uwezo wa kukopa wakati hesabu zako bado ni nzuri. Julai benki itakuangalia kwa jicho lingine. Peleka madai yote ya malipo kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Uliza pia kama jimbo lako hulipa riba kwa bili zilizochelewa. Illinois kwa miaka mingi imekuwa na sheria ya asilimia 1 kwa mwezi kwa bili zinazostahili zilizopita siku 90.

Kwa mfanyakazi: saa ulizokwisha kufanya ni zako. Mwajiri binafsi hawezi kukunyima ujira kwa sababu jimbo halijamlipa yeye. Andika saa zako mwenyewe, hifadhi hati za malipo, na ukipunguziwa kazi omba barua inayosema tarehe na sababu, maana utaihitaji kuombea mafao ya kukosa kazi na kuzungumza na mwenye nyumba.

Leseni ya uuguzi, leseni ya udereva, cheti cha kulea watoto: chochote kinachoisha Julai au Agosti, kihuishe mapema. Mwanafunzi aende ofisi ya misaada ya fedha ya chuo aulize kama ruzuku ya jimbo itatangulizwa na chuo au atadaiwa yeye. Vyuo vingine vya Illinois vilitanguliza, vingine vilishindwa.

Msaada wa chakula wa SNAP hulipwa na serikali kuu, na kwa kawaida hauguswi na mkwamo wa jimbo. Usikimbie miadi ya kuthibitisha kipato kwa kusikia tu kwamba "serikali imefungwa". Maombi ya uhamiaji nayo hayahusiani kabisa na bajeti ya jimbo.

Jambo ambalo tunaliacha mno ni kuzungumza na mbunge. Bajeti iliyochelewa humalizwa na viongozi wachache chumbani, na vitu hubadilishwa humo. Minnesota mwaka 2025, Baraza la Wawakilishi likiwa 67 kwa 67, makubaliano ya viongozi yaliondoa bima ya MinnesotaCare kwa watu wazima wasio na hati za ukaazi, na kikao maalumu cha 9 Juni kikaipitisha. Waliosikika kabla ya hapo ndio pekee waliokuwa na nafasi ya kuathiri, hata kama ilikuwa ndogo.

Huhitaji kuwa raia ili kumpigia au kumwandikia mbunge wa jimbo. Ni mwakilishi wa mtaa unaoishi. Ambaye si raia asijiandikishe kupiga kura hata akishawishiwa, kwani hilo laweza kuharibu ukaazi wake. Kupiga simu ni halali kabisa. Taja jina lako na msimbo wa posta wako, useme unafanya kazi gani na unahudumia watu wangapi wa wilaya yake, utaje programu kwa jina lake, kisha uombe jambo moja tu: aitetee kwenye bajeti, au apige kura ya kutengua. Muulize msaidizi atakayepokea simu jina lake, na umpigie huyohuyo tena wiki inayofuata.