Tiba ya Video: Linda Siri Yako Kabla Hujabonyeza Linki

Ukiongea na mshauri nasaha kwa video, anza na chumba, programu itafuata. Katika bedsita za Roysambu au Umoja, Nairobi, unajua jirani anatazama habari za stesheni gani. Naye anakusikia vivyo hivyo. Visikizi vya masikioni huficha sauti ya mshauri tu, yako inabaki hewani. Kwa hivyo pima: washa redio kwa kiwango cha sauti unachoongea nacho, iweke utakapokaa, funga mlango, usimame kwenye korido. Ukishika maneno, hapo hapafai. Hamia kona ya mbali na uiache redio mlangoni ikiimba polepole. Ukiiweka karibu na simu, mshauri atasikia taarabu badala yako.

Gari lililoegeshwa, vioo vikiwa juu, ni chumba kizuri sana. Ila zima bluetooth kwanza, la sivyo simu itashika spika za gari na mlinzi wa lango apate kikao cha bure. Matatu na saiba, usijaribu.

Simu nayo ina mdomo. Ficha arifa kwenye skrini iliyofungwa, maana "Kikao chako ni saa kumi" husomeka hata simu ikiwa mezani. Usitumie kompyuta wala barua pepe ya kazini. Wanaosimamia mitambo ya ofisi wanaweza kuiona kalenda yako. Na ujumbe wa M-Pesa hutaja jina la aliyelipwa: kama mnashika simu moja nyumbani, muulize mshauri mapema tili yake inaonyesha jina gani.

Video ya saa moja hula takriban megabaiti 500 hadi gigabaiti moja na zaidi. Bando ikiisha katikati ya machozi, kimya kile kinauma, na wapo wanaodhani mshauri amechoka nao. Kubalianeni mapema: ikikatika, nani anampigia mwenzake, na baada ya dakika ngapi.

Kikao cha kwanza, uliza bila haya. Amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya Kenya ya 2014? Nani mwingine yuko chumbani kwake? Anarekodi? Maandishi yake anayaweka wapi? Linki ni ya kila mteja au ni ile ile siku nzima? Kama ni ile ile na hakuna chumba cha kusubiri, mteja wa saa tano akiwahi atakukuta ukieleza mambo ya ndoa yako. Programu ya Zoom haiweki yenyewe usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani kufunga mazungumzo ili walio kwenye kikao tu wayasikie. Lazima uwashwe, na ukiwashwa, kurekodi kwenye wingu (hifadhi ya mtandaoni) hakufanyi kazi. Anayejibu "usijali" kwa maswali haya hajajibu.

Naye atakuuliza uko wapi na nambari ya mtu wa karibu. Huo si umbea. Maisha yako yakiwa hatarini, lazima ajue amtume mtu ploti gani. Mwambie ukweli, kisha muulize ni lini hasa atavunja siri.

Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti. Una haki ya kuona anachokuwekea na kudai makosa yarekebishwe. Akikataa, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Mwisho, chagueni neno la siri. Mtu akifungua mlango ghafla, sema "ile ripoti nitaituma kesho", na mshauri aongee mambo ya kazi mpaka umwambie mlango umefungwa.