Somo: Vitanda vingapi, meza ngapi? Aljebra ya kupangia kazi ya wiki

Wanaoanza hisabati za biashara chuoni hushangaa kukutana tena na mada ya kidato cha nne, linear programming: mistari miwili kwenye grafu, eneo la kutia kivuli, kona za kujaribu. Shuleni ulichora, ukapata alama, ukasahau. Chuoni swali linaanzia pale jibu lilipopatikana: sasa utaamua nini? Kwa hiyo kwenye kuchora nitapita haraka.

Tuchukue karakana ya samani, tuseme iko Keko, Dar es Salaam, inayotengeneza vitanda na meza tu. Namba nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi.

Hatua ya 1: Andika kinachobaki, siyo bei

Ukitoa mbao, gundi, misumari na vanishi, kitanda kimoja kinaacha shilingi 70,000 na meza moja 40,000. Hiyo tuiite baki. Kodi ya fremu na mishahara ya mafundi hatujaigusa, kwa sababu inalipwa kila wiki hata kama hakuna kilichotengenezwa. Fundi anayelipwa kwa kipande ni habari nyingine. Ujira wake unautoa kwenye kila kitanda.

Hatua ya 2: Tafuta kinachobana

Mafundi wawili, siku 6, saa 10 kwa siku: saa 120. Mbao zinazopatikana kwa wiki ni 64. Kitanda kinakula saa 15 na mbao 10. Meza inakula saa 10 na mbao 4. Vitanda viwe x, meza ziwe y:

15x + 10y ≤ 120 (saa)
10x + 4y ≤ 64 (mbao)
x ≥ 0, y ≥ 0

Kabla ya kushika rula, gawanya kidogo. Kwa kila saa, kitanda kinaacha kama 4,667 na meza 4,000. Kwa kila ubao, kitanda kinaacha 7,000 na meza 10,000. Ukisikiliza saa utatengeneza vitanda, ukisikiliza mbao utatengeneza meza. Ndiyo maana kauli ya "kitanda kina faida zaidi" haitoshi kuamulia.

Hatua ya 3: Chora, kisha jaribu kona

Mstari wa saa unakata mhimili wa x kwenye 8 na wa y kwenye 12. Wa mbao unakata kwenye 6.4 na 16. Eneo linaloruhusiwa liko chini ya mistari yote miwili. Kupata inapokutana, zidisha mlinganyo wa mbao kwa 2.5 upate 25x + 10y = 160, toa ule wa saa, inabaki 10x = 40. Basi x = 4, y = 6.

Meza 12 peke yake: baki 480,000.
Vitanda 6.4 peke yake: 448,000.
Vitanda 4 na meza 6: 520,000.

Mwanahisabati Leonid Kantorovich wa Leningrad alichapisha hesabu za namna hii mwaka 1939, baada ya kuletewa tatizo la kupanga kazi za mashine katika viwanda vya plywood. Kwa hiyo mfano wa mbao haujakosea njia. Mwaka 1975 alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans.

Hatua ya 4: Uliza saa moja zaidi ina thamani gani

Hapa ndipo hela ilipo. Mafundi wako tayari kufanya ovataimu ya saa 20. Uwalipe shilingi ngapi?

Badilisha 120 iwe 140, mbao zibaki 64, tatua upya. Unapata vitanda 2 na meza 11, baki 580,000. Tazama vizuri: muda umeongezeka, lakini vitanda vimepungua. Mbao hazijaongezeka, kwa hiyo saa mpya zinahamishia mbao kwenye meza, ambazo hazili mbao nyingi.

Saa 20 zimeleta 60,000, yaani 3,000 kwa saa. Ovataimu ya 2,000 kwa saa, kubali. Ya 4,000, kataa, hata kama mafundi wako ni wazuri kiasi gani. Thamani hii ya 3,000 kwa saa inashika hadi jumla ya saa 160. Kuanzia hapo mbao zote zimeshahamia kwenye meza na muda wa ziada hauna kazi.

Fanya vivyo hivyo kwa mbao: kila ubao wa ziada unaongeza 2,500. Gharama ya ubao tulishaitoa kwenye hatua ya 1, kwa hiyo hiyo 2,500 ni juu ya bei ya kawaida. Dalali akikuuzia ubao kwa 1,500 juu ya bei hiyo, nunua.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Mteja wa vitanda anavuta bei, baki inashuka hadi 65,000. Nibadilishe mpango?*

Marahaba. Usibadilishe. Meza ikibaki 40,000, mpango wa 4 na 6 unashinda mradi baki ya kitanda iko kati ya 60,000 na 100,000. Mapato yatapungua, ila hakuna mpango mwingine utakaokupa zaidi. Chini ya 60,000, acha vitanda.

*Nimejaribu ovataimu ya saa 10, nikapata vitanda 3 na meza 8.5. Nikate iwe 8?*

Usikate kwa mazoea. Vitanda 3 na meza 8 vinaacha 530,000. Vitanda 2 na meza 10 vinatimiza masharti yote na vinaacha 540,000. Namba nzima iliyo bora inaweza isiwe jirani uliyemtarajia, kwa hiyo jaribu kadhaa. Kama meza nusu inaweza kumaliziwa wiki ijayo, 8.5 haina ubaya.

*Kwa hiyo faida yangu ni 520,000?*

Hapana ndugu yangu, hiyo ni baki. Kodi na mishahara ikiwa 400,000 kwa wiki, mfukoni inaingia 120,000. Utaona basi kwamba mpango wa meza tupu ungekuachia 80,000. Pengo la 40,000 linaonekana dogo mpaka ulipe gharama.

*Mimi nina bidhaa tano. Nitachoraje?*

Huchori. George Dantzig alibuni njia ya simpleksi, inayopita kwenye kona kwa hesabu bila grafu, mwaka 1947 kwa kazi kama hiyo, na leo imo ndani ya Solver, kifaa cha Excel cha kutafuta jibu. LibreOffice Calc nayo ina Solver yake. Kwenye Excel chagua Simplex LP, na uweke tiki kwenye kisanduku kinachozuia namba hasi, la sivyo inaweza kukushauri utengeneze vitanda pungufu ya sifuri.