Stendi na kipindupindu: ya kuweka sawa kabla masika hayajaanza

Kwa wanaosimamia stendi za mabasi, kabla hamjachapa mabango hesabuni kwanza koki za kunawia. Kunawa vizuri kwa sabuni ni kama sekunde 20, mtu aweke begi chini, asuuze, ni nusu dakika hiyo, yaani koki moja watu 120 kwa saa, sasa basi tatu zikishusha pamoja usiku una abiria zaidi ya 100 na ndoo moja pale getini, foleni inavimba, makonda wanapiga kelele, mlinzi akichoka anawapitisha tu na zoezi limeishia hapo.

Mi naona kubana watu getini ni kupoteza nguvu. Kipindupindu kinaingilia mdomoni, so koki ziende mlango wa choo na kwa mama lishe, kwingine acha watu watembee. Maji nayo: nusu lita kwa mtu, watu 2,000 ni lita 1,000, simtanki ya ujazo huo inakauka siku hiyohiyo. Nani anamwita boza saa mbili usiku na hela anaitoa wapi? Hilo liamuliwe sasa hivi.

Choo cha kulipia kina mtego wake, asiye na hela ndogo anaenda nyuma ya basi, kwa hiyo mlipuko ukitangazwa ni bora kiwe bure. Na anayepokea hela asiwe ndo huyohuyo anayekata tishu jamani.

Usafi wa sakafu usifanyike alfajiri mabasi yakitoka, subirini saa nne pametulia, na vyoo mfunge nusu nusu. Matope yatoke kwanza kwa sabuni maana klorini ikikutana na uchafu inaisha nguvu, halafu ndo mpige klorini ya 0.5%. Ukiitengeneza kwa jiki ya 3.5% ni kikombe 1 kwa maji vikombe 6, inachanganywa upya kila asubuhi, inakaa kivulini na mfuniko, na isikutanishwe na dawa nyingine ya choo, hewa yake ni sumu.

Abiria akianza kuharisha na kutapika je? Pawe na benchi karibu na choo, pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), maji salama na chombo cha lita 1 cha kuzichanganyia, namba ya kituo cha afya ukutani, na bajaji ambaye mmeshakubaliana naye, sio mnaanza kubishana nauli mgonjwa yuko chini.