Pedi na diski za breki kwa pikapu inayobeba mizigo

Kabla ya kununua pedi mpya, tazama herufi mbili zinazofuatana katika msimbo uliochapwa kwenye ukingo wake: ya kwanza huonyesha uwezo wa msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida, na ya pili ikiwa imepata moto sana, kwa hiyo pedi yenye GF hushika vizuri mwanzoni lakini hulegea kwenye mteremko mrefu, ilhali yenye FF haibadiliki sana. Pedi za kauri ni tulivu na hazichafui rimu sana. Hata hivyo, kwa pikapu inayovuta tela ningechagua zenye mchanganyiko wa chuma, kwa kuwa huhimili joto zaidi. Diski zenye matundu zinavutia macho, lakini chini ya mzigo mzito nyufa huanzia kwenye matundu hayo hayo. Diski nzima, au yenye mifereji, ni salama zaidi.

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, nayo ni lazima yafutwe kabisa kwa kisafishio cha breki kabla ya kufunga pedi.