Jinsi ya kufumbua chemsha bongo za muziki wa klasiki na washkaji mtandaoni

Niseme mapema, mi sio profesa wa muziki, solfa nilijifunzia kwaya na piano naigusa kwa kubahatisha tu, ila haya mafumbo nimeyacheza na washkaji wanne muda mrefu sasa, na kilichotufanya tuanze kupatia sio kwamba kuna mtu alienda kusoma, ni kwamba tuliacha kuropoka majina.

Hatua ya 1: Wekeni uwanja

Mnahitaji simu ya kundi ya kuongelea na jedwali la pamoja mtandaoni, kila mtu na safu yake. Fumbo likifunguliwa, dakika tano za kwanza ni kimya, unaandika ulichokiona kwenye safu yako na hairuhusiwi kutaja mtunzi kwa sauti. Najua inaboa. Lakini akitokea mmoja anayejiamini akasema "huyu Mozart huyu" imeisha hiyo, wote mtaanza kutafuta ushahidi wa Mozart na mtaupata hata kama haupo. Mkubaliane mapema pia kama kugugo ruksa au la, sio watu waje kununiana katikati ya gemu.

Kama fumbo lina sauti, usilipige kwako ili wenzako wasikie kupitia maiki. Programu nyingi za kupigiana simu zinachuja kelele, sasa zikikutana na violini nazo zinaihesabu kelele, mnabaki na kitu kinachokatika-katika kama kiko chini ya maji. Tuma faili, kila mtu asikilize kwake.

Hatua ya 2: Soma namba kabla ya kitu kingine

Kazi za watunzi zina herufi na namba za orodha, na herufi inakuambia mtunzi ni nani. K ni ya Mozart, inatokana na Köchel aliyetoa orodha ya kazi zake 1862, na kwa sehemu kubwa inafuata wakati, ndo maana ile Requiem (misa ya wafu) aliyoiacha haijaisha alipofariki 1791 ni K. 626, kule mwisho kabisa. Sasa ukiizoea hiyo ukaingia kwenye BWV ya Bach na akili ileile unaumia, maana BWV imepangwa kwa aina ya kazi, kantata (kazi za kuimbwa na ala) zimekaa mbele, kwa hiyo BWV 1 haimaanishi ndo alianza nayo. D ni Schubert, RV Vivaldi, Hob. Haydn. Opus (neno la "kazi", linawekwa na namba) nayo inafuata zaidi uchapishaji kuliko utunzi: konseto ya piano namba 2 ya Beethoven aliianza kabla ya namba 1 ila ikachelewa kuchapishwa, na za Chopin mbili ni hivyohivyo. Watunga mafumbo wanaipenda sana hii.

Hatua ya 3: Jaribu kusoma noti kama neno

Ukipewa noti nne zimekaa peke yake hazina mdundo, zisome Kijerumani. Wenyewe B yao ni B flati, B yetu ya kawaida wanaiita H, na E flati wanaiita Es, inayosomeka kama S. Ndo hapo B flati, A, C, B inakuwa BACH. Ukikuta D, E flati, C, B usihangaike, hiyo ni DSCH, saini ya Shostakovich, imejaa kila kona kwenye kwateti yake ya nyuzi (ala nne za nyuzi) namba 8 ya 1960. Sisi ilitukalisha karibu saa nzima kwa sababu tulikuwa tunaiimba badala ya kuisoma.

Hatua ya 4: Melodi iandike kwa J, C na S

Hapa ndo penyewe. Noti ikipanda andika J (juu), ikishuka C (chini), ikirudia palepale S (sawa), na ile ya kwanza haina herufi. Mwanzo wa Simfoni ya 5 ya Beethoven, pa-pa-pa-paam, pa-pa-pa-paam, unakuwa S S C J S S C. Mbinu sio yetu, Denys Parsons alichapisha orodha nzima ya melodi kwa mtindo huu 1975, na uzuri wake hata asiyesoma noti kabisa anachangia.

Ila iandike mpaka mwisho. Siku moja tulipewa mishale mitupu, sawa, juu, sawa, juu, sawa, chini, na nyingine zinaendelea. Mshkaji mmoja akavunja kanuni ya kimya akapiga kelele kwamba hicho ni kile kiwimbo cha watoto cha nyota inayometameta, melodi ya Kifaransa ambayo Mozart aliitungia variesheni (melodi ileile ikigeuzwa-geuzwa), K. 265. Tukaimba wote do do so so la la so, ikakaa vizuri, tukatuma Mozart. Tukakosa. Jibu lilikuwa Haydn, Simfoni namba 94, sehemu ya pili, ile yenye kishindo cha kushtua watu. Iimbe uone: do do mi mi so so mi. Mishale sita ya kwanza ni ileile! Tofauti iko kwenye mshale wa saba, zote mbili zinaenda fa, ila ile ya nyota inashuka kutoka so na ya Haydn inapanda kutoka mi. Na huo mshale wa saba kuna mwenzetu alishauandika kwenye safu yake, hakuna aliyemsoma.

Hatua ya 5: Chuja

Dokezo moja halitoshi. "Alizaliwa 1685" inakupa Bach, Handel na Domenico Scarlatti. "Alifanyiwa upasuaji wa macho na John Taylor" inamtoa Scarlatti tu, wale wawili wote walipita kwenye mikono ya huyo jamaa. "Kazikwa Westminster Abbey", lile kanisa la London, hapo sasa kabaki Handel. Dokezo lolote likibaki linaelea, jibu bado.

Hatua ya 6: Kutuma

Kila fumbo mchagueni mpingaji, mnapokezana, kazi yake ni kulichimba jibu mnalolipenda. Kwetu yeye ndo anabonyeza kitufe cha kutuma, asiporidhika habonyezi, na kuna siku tunalala na fumbo kwa sababu yake.